Zile video za rap ya Bongo za miaka ya 90 zimekwenda wapi? Uzi wa heshima kwa saa moja ya Jumamosi jioni

#1 Mnazi Mmoja

Wakuu, salaam.

Juzi mwanangu wa kidato cha pili kaniambia hip hop ya Tanzania imeanza na Joh Makini. Sikumgombeza, namheshimu Joh. Nikamwambia kaa hapa nikuonyeshe tulikotoka, nikafungua YouTube. Nimetafuta toka saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Nyimbo zipo, tena nyingi, lakini ni sauti tu, na juu yake picha ya kava la kaseti imeganda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Video zenyewe nimepata za 2002, 2003 kuja huku. Nyuma ya hapo ni za kuokoteza.

Mimi nimekulia Kinondoni. Mzee alinunua TV 1996, inchi 14, mtaa mzima tulikuwa na TV tatu. Jumamosi jioni kulikuwa na saa moja ya muziki wa video. Nyingi zilikuwa za Marekani, halafu katikati wanapenyezewa vijana wa Bongo, mmoja au wawili. Hao ndio tuliokuwa tunawasubiri. Sebule inajaa, watoto chini kwenye mkeka, wengine dirishani kwa nje. Picha ikianza chenga mtu anatumwa akageuze antena, anapiga kelele "Vipi hapo?" na sisi ndani "Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiachie!" Kuna jamaa mmoja alisikiliza wimbo mzima akiwa amekumbatia mlingoti.

Siku moja akatokea kijana anachana amesimama mbele ya ukuta, na ule ukuta naujua. Nilikuwa napita pale kila asubuhi nikienda shule. Sijui niwaelezeje. Mpaka siku ile TV ilikuwa ni ya watu wa mbali.

Nasema hivi, na anayepinga aje: vile vipindi vya video viliifanya hip hop yetu iheshimike kuliko redio ilivyofanya. Na swali langu ni hilo la juu. Zimekwenda wapi? Nani anazo?

#2 Mtu wa Temeke

Mkuu umenirudisha mbali sana. Kwetu TV hatukuwa nayo, tulikuwa tunaangalia kwenye banda la video, sh 50 kichwa. Saa ya kipindi ikifika mwenye banda anasimamisha mkanda wa kareti katikati ya ngumi, anaweka stesheni. Wazee waliokuja kuangalia ngumi walikuwa wananuna kweli, lakini wateja wengi ni sisi. Na Gangwe Mobb walipotoka, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, watu wa kwetu kabisa, banda lilijaa mpaka mbao za ukuta zikasogea. Alirudisha pesa za watu sita siku ile maana hawakuona kitu.

#3 Mzee Rimoti

Mnazi Mmoja, uzi mzuri, ila hapo kwenye redio umekosea na nitakupinga kwa heshima. TV tatu mtaa mzima, umesema mwenyewe. Redio ilikuwa kila nyumba. Radio One imeanza 1994, na DJ Show ya Taji Liundi, baadaye Mike Mhagama, ndiyo iliyokuwa inapiga rap ya vijana wa hapa wakati RTD, Radio Tanzania ya serikali, haitaki kuisikia. Hata hili jina Bongo Flava, Mhagama ndiye anayetajwa kulianzisha hewani 1996, alipotaka kutenganisha nyimbo za Marekani na zetu. Kipindi cha TV kilichukua watu waliokwisha kupikwa na redio.

Halafu kumbukeni Tanzania tumepata televisheni 1994 tu, ITV na CTN, ikifuatiwa na DTV. TVT ya serikali imezinduliwa 2000. Mnayoita miaka ya 90 ya video ni miaka michache sana.

#4 Mzenji

Mzee Rimoti, "Tanzania tumepata televisheni 1994", Tanzania ipi hiyo? Sie Unguja TVZ, televisheni ya Zanzibar, tunaangalia tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi. Nyie wabara ndio mlichelewa, Mwalimu aliona ni anasa. Sema Tanzania Bara tuelewane.

Ila nikubali, kwa rap TVZ haikuwa na msaada mkubwa. Kwetu ilikuwa taarab na maigizo, na tulitosheka.

#5 Mzee Rimoti

Mzenji nimerekebishwa. Bara.

#6 Bwana Deki

Naomba nijibu swali la mwenye uzi, maana wengi mtaingia kwenye hadithi za utotoni na jibu litapotea.

Nimefanya kazi chumba cha uhariri kwenye kituo kimoja hapa Dar, jina naliacha. Video zilikuwa zinakuja kwenye kanda za Betacam, na kanda moja mpya ilikuwa ghali. Kipindi cha wiki kikisharuka, kanda inarudi rafu ya "tayari kutumika". Wiki inayofuata inarekodiwa juu yake mkutano wa waziri, mechi ya Simba, chochote kile. Hakuna aliyeona anaharibu. Tuliona tunabana matumizi. Mimi mwenyewe mkono huu umefuta vingi na mpaka leo nikikumbuka baadhi ya majina yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye yale maboksi napata shida kulala.

Kwa hiyo mkuu, hazijaenda popote. Ziko chini ya mechi ya Simba.

#7 Kijana wa 2001

Shikamooni wakuu. Samahani kwa swali, Betacam ndiyo ile mikanda ya harusi? Na kwa nini hawakuhamishia kwenye kompyuta?

#8 Bwana Deki

Marahaba. Hapana, ya harusi ni VHS. Upana wa utepe ni uleule, nusu inchi, ila Betacam utepe unakimbia kasi zaidi, kwa hiyo picha ni safi na muda ni mfupi, kanda ndogo nusu saa tu. Deki yake ni nyingine kabisa, huwezi kuitia kwenye deki ya nyumbani. Na kompyuta ya kuhifadhi video enzi hizo, mwanangu, kituo kizima hakikuwa nayo. Ile tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mhasibu.

#9 Dada wa Chuga

Bwana Deki anasema kweli kwa upande wa vituo, lakini siyo jibu zima. Huku Arusha nyingi za mwanzo zilitengenezwa au zikahifadhiwa na watu wa nje. X Plastaz wa kwetu, albamu yao ya Maasai Hip Hop imetoka Ujerumani 2004, na shughuli zao nyingi kabla ya hapo zilipita Uholanzi. Yule Mholanzi anayejulikana kama J4 alianzisha tovuti ya Rumba-Kali 1997, ndiyo iliyokuja kuwa Africanhiphop, na 1999 ilitoka filamu ya Hali Halisi inayoonyesha rap ya Tanzania ya wakati ule. Leo mtu akitaka kuiona Dar ya marapa wa 1998, mitaa, studio, nguo walizovaa, sehemu nzuri ya kuanzia ni kazi ya Waholanzi.

Sisemi wametuibia. Wamehifadhi, tumefuta. Faza Nelly wa X Plastaz alifariki 2006, na mimi nikitaka kumuona akiwa jukwaani lazima nishukuru kamera ya mgeni. Inauma arifu.

#10 Mzee Rimoti

Naleta jibu la tatu na najua halitapendwa. Nyingi hazikuwepo.

Fikirieni. Msanii wa 1997 amepata pesa ya studio kwa tabu, amekaa foleni studio ya Mawingu kwa Bonnie Luv au kwa Master Jay au baadaye kwa P Funk. Ya video ataitoa wapi? Kamera, mwanga, mhariri, kanda. Wengi walirekodi sauti na kuishia hapo. Mlichokiona kwenye TV kilikuwa ni onyesho la jukwaani limechukuliwa na kamera moja, au mahojiano na wimbo unapigwa chini yake. Wengine mlisikia redioni mara mia, mkajenga picha kichwani, na baada ya miaka 25 mnaapa mliiona. Mimi mwenyewe kuna wimbo wa Kwanza Unit nilikuwa naweza kukuelezea video yake mpaka rangi ya gari, nikaja kuambiwa na mtu aliyekuwepo kwamba haikuwahi kupigwa picha hata moja.

#11 Mnazi Mmoja

Mzee wangu, ukuta ule sikuuota. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, siyo mitatu.

#12 Mtu wa Temeke

Mzee Rimoti kaja kutunyang'anya hadi kumbukumbu 😄 Mzee, acha basi tubaki hata na antena.

#13 Msafiri wa Nairobi

Majirani, hamjambo. Nawasoma nikiwa Nairobi, na nimefurahi kujua hatuko peke yetu.

Sisi televisheni ya KTN ilianza 1990, kwa hivyo video tuliziona mapema kidogo. Jimmi Gathu na kipindi chake cha Jam-A-Delica, uliza mtu yeyote wa umri wangu. Hiyo ndiyo ilitufunza kwamba mtangazaji wa muziki anaweza kuwa kijana kama sisi, anavaa kama sisi. Halafu Kalamashaka kutoka Dandora wakaja na Tafsiri Hii, 1997. Kumuona mtu wa Eastlands kwenye runinga akirap Kiswahili, enyewe mtaa ulisimama. Kabla ya hapo tulidhani rap ni lazima ufinye pua uongee kama Mmarekani.

Lakini ukinitaka nikuonyeshe kipindi kimoja kizima, kutoka matangazo hadi salamu za mwisho, sina. Vipande tu. Kwa hivyo hii si shida ya Bongo pekee.

#14 Binti Mbeya

Mmezunguka kote hamjamtaja Sugu, jamani! Huyo huyo Mr II ndiye wa kwanza kurap Kiswahili na kutoa albamu, Ni Mimi, 1995. Mbeya tunadai haki yetu.

#15 Mzee Rimoti

Binti, haki ya Mbeya iko palepale ila siyo hiyo. Saleh Jabir alirap Kiswahili 1991, juu ya midundo ya Kimarekani, na kaseti yake ilizunguka nchi nzima. Mwaka huohuo kulikuwa na shindano la Yo Rap Bonanza. Alichofanya Sugu ni kikubwa zaidi kuliko kuwa wa kwanza: alisimulia maisha ya hapa, akaishi kwa kazi hiyo, na akaifuata sauti yake mpaka bungeni, Mbeya Mjini, 2010.

#16 Binti Mbeya

Asante mzee, nimepokea. Lakini na Profesa Jay akaingia bungeni kwa Mikumi 2015, na MwanaFA kwa Muheza 2020. Waliotuita wahuni wako wapi?

#17 Mtu wa Temeke

Waliotuita wahuni walinyamaza siku Ndio Mzee ya Profesa Jay ilipotoka, 2001. Baba yangu hakuwa anataka kusikia rap, akawa anaimba kile kiitikio anaponyoa ndevu.

#18 Emsii Mstaafu

Nimesoma kimya toka asubuhi. Nilikuwa msanii, kundi letu halikufika mbali, jina halina haja.

Video yetu ilikuwepo, Mzee Rimoti. 1999. Tulichanga wanne, mmoja aliuza baiskeli ya mjomba wake bila kumwambia. Tulikodi mpiga picha wa harusi, siku nzima, Coco Beach na juu ya ghorofa lisilomalizika. Alitupa kanda moja. Moja tu, maana nakala ilikuwa pesa nyingine. Tukaipeleka kituoni kwa mikono yetu, tukaambiwa iacheni, rudini wiki ijayo. Ilipigwa mara mbili. Tulipokwenda kuichukua, aliyeipokea hayupo, aliyepo hajui. Tumekwenda mara nyingi mpaka mlinzi akawa anatuonea huruma, anatukaribisha maji.

Miaka kadhaa baadaye mmoja wetu, aliyeandika beti ya pili, alifariki. Mama yake aliniuliza kama ninayo ile ambayo mwanawe alionekana kwenye TV. Ile ilikuwa ndiyo picha pekee ya yeye akitembea na kucheka.

Kwa hiyo siyo suala la kukumbuka vibaya.

#19 Mzee Rimoti

Pole sana ndugu yangu. Nimeondoa neno langu. Zilikuwepo zaidi ya nilivyodhani.

#20 Bwana Deki

Emsii, sijui kama ni kituo nilichokuwa mimi. Kama ndicho, nisamehe.

#21 Kaka wa Kariakoo

Poleni. Naongeza jingine. Mnasahau wasambazaji. Msanii alikuwa anauza kazi yake jumla, anachukua pesa mkononi, kanda mama inabaki dukani, hata kama ni ya video. Sheria mpya ya Hakimiliki imekuja 1999 na COSOTA, chama cha kusimamia hakimiliki, baada yake, mengi yalishakwisha kufanyika kwa kupeana mkono. Nimeona stoo moja imejaa kanda mpaka darini, joto la bati, unyevu wa bahari. Utepe unashika ukungu mweupe kama unga. Mwenye stoo alifariki, watoto wake hawajui kilichomo. Nadhani nyingi zimefia kwenye stoo kama zile, hazikufutwa na mtu.

#22 Kijana wa 2001

Je haiwezekani zilipotea wakati wa kuhamia digitali? Nakumbuka mwisho wa 2012 Dar ilizimwa analojia, vituo vilikuwa vinahama mitambo.

#23 Bwana Deki

Inawezekana kwa zile zilizokuwa zimenusurika. Mashine zikibadilishwa, kanda zisizo na deki ya kuzicheza zinakuwa takataka. Lakini 2012 kwa za miaka ya 90 ni msiba wa pili, wa kwanza ulishapita.

#24 Dada wa Chuga

Na Channel 5 je? Yule EATV. Mimi naona ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kabla yake video ya Bongo ilikuwa ya kujazia nafasi. Baada yake tukawa na stesheni ambayo unaweza kukaa mchana kutwa unaona Tanzania, Kenya na Uganda tupu.

#25 Mnazi Mmoja

Kweli dada, na ndiyo maana za kuanzia hapo zipo. Ila mimi mapenzi yangu yako kwenye ile saa moja. Vitu vikiwa vingi huna cha kusubiri tena. Sisi tulikuwa tunasubiri siku sita, na Tanesco akiamua kukata siku ya saba, basi umekula hasara ya wiki mbili.

#26 Mtu wa Temeke

Mgao wa umeme usinikumbushe. Jirani alileta betri ya gari, tukaona dakika ishirini, kesho yake gari haikuwaka akachelewa kazini. Wikiendi iliyofuata akaleta tena.

#27 Binti Mbeya

Wakuu, naomba msaada, na msinicheke. Nimesoma hapa nikamkumbuka kaka yangu. Tulikaa kwa baba mdogo Mwananyamala mwishoni mwa miaka ya 90, na kaka alikuwa na tabia ya kurekodi kwenye kanda yoyote anayoiona. Leo nimepekua sanduku la mama. Kuna VHS imeandikwa HARUSI YA SHANGAZI, USIFUTE. Pembeni kwa mwandiko wa kaka, kidogo sana: "ikiisha usizime".

Nina kanda, sina deki. Na ndani naona doa jeupe kwenye utepe.

#28 Fundi Mkanda

Binti USIITIE KWENYE DEKI YOYOTE. Hilo doa ni ukungu. Ukiicheza hivyo unakata utepe na unaharibu vichwa vya deki, na kanda inayofuata nayo inaambukizwa. Iweke mahali pakavu, imesimama wima, mbali na spika na redio kubwa. Niko Dar, kazi yangu ni hii hii, harusi na ubatizo za zamani. Tunafungua boksi, tunasafisha utepe taratibu kwa spiriti, tunauhamishia kwenye boksi jingine safi. Kisha deki, waya tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, mpaka kwenye kompyuta. Ni E-180 hiyo, ya saa tatu? Kama kaka aliweka LP, ile kasi ndogo ya kurekodi, inaingia saa sita badala ya tatu. Picha itakuwa hafifu, ila kutakuwa na vingi.

Sitachaji.

#29 Emsii Mstaafu

Binti, nipo pale pale naangalia huu uzi.

#30 Kaka wa Kariakoo

Mkishapata kitu, kabla ya kurusha YouTube mtafuteni mwenye kazi au familia yake mumwombe. Wamedhulumiwa mara moja, inatosha.

#31 Binti Mbeya

Wakuu, nimetoka kwa Fundi sasa hivi. Saa mbili na zaidi ni harusi. Shangazi alilia tulipomtumia, hakuwa ameiona miaka yote hii. Halafu chenga, halafu tangazo la sabuni, halafu kipindi kikaanza. Tumepata dakika kumi na moja. Picha inaruka juu na chini, sauti iko wazi kabisa. Nyimbo mbili za Marekani, kisha mtangazaji anasema "na huyu ni kijana wetu", na anaingia mtu mwembamba, kofia imegeuzwa nyuma, amesimama mbele ya ukuta. Hajaandikwa jina.

Emsii, yuko peke yake, hakuna bahari wala ghorofa. Sio nyie. Pole.

#32 Emsii Mstaafu

Haina neno, dada. Endeleeni kutafuta.

#33 Mnazi Mmoja

Binti, huo ukuta una rangi gani?

#34 Binti Mbeya

Juu nyeupe, chini kijani. Kuna maandishi makubwa nyuma ya bega lake ila herufi zinaruka, tumesoma "DUKA LA" basi. Utepe umekunjamana hapo hapo, Fundi amesimamisha. Kesho asubuhi anakuja na deki nyingine.